Dawa ya malaria haiendi bila chombo

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa jambo lililo wazi halingoji kuulizwa; aliye kitandani na apelekewe, ale. Methali hii ni njema na bado yafaa. Lakini kwa mgonjwa wa malaria wa zama hizi liko swali moja ambalo ni wajibu kuulizwa, tena kabla bakuli halijafika kitandani: uji huo una maziwa au hauna? Swali laonekana dogo, la jikoni, wala si la hospitali. Hata hivyo ndani yake imo tofauti baina ya dawa iliyofika kwenye damu na dawa iliyopita tumboni ikaenda zake.

Tuanzie mbali kidogo na bahari, huko Magharibi ya Kenya, baina ya miji ya Bungoma na Kitale. Msomaji wa pwani asidhani kuwa huko ni ugenini kwake. Misafara ya wazee wetu ilifika Mumias, jirani ya Bungoma, tangu karne ya 19, na misikiti iliyoko huko leo ni ushahidi wa safari hizo. Hivi sasa madereva wa malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Malaba hupita Webuye na Bungoma usiku na mchana. Wako walimu wetu huko, wako wafanya biashara, na wako vijana waliooa na kuolewa huko. Malaria ya huko ni malaria yetu pia.

Nchi yenyewe ni ya namna mbili. Bungoma iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina joto la kutosha na maji mengi, na mbu hana msimu wa kupumzika. Kitale iko juu zaidi, mita kama 1,900, nchi ya baridi na mahindi. Huko malaria haikai daima, bali huja kwa vishindo mwaka wa mvua nyingi na joto, nayo hukuta watu ambao miili yao haijaizoea. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya mwaka 2020 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa nchi nzima, 6 walikuwa na vijidudu vya malaria damuni. Lakini katika ukanda wa Ziwa, ambamo Bungoma imo, walikuwa 19 katika 100. Mtu wa Kitale anapoteremkia Bungoma, au mtu wa Mombasa mjini anapolala Webuye, huwa ameingia vitani bila ngao.

Silaha ya vita hivyo imebadilika mara kadhaa. Wengi wetu twakumbuka klorokwini, uchungu wake na ule mwasho wa mwili mzima uliomfanya mtu ajikune hata akatamani homa irudi. Vijidudu viliizoea klorokwini, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza, ikashika zile za mkupuo mmoja za aina ya Fansidar. Nazo hazikudumu. Mwaka 2004 serikali iliamua kuingia katika dawa ya mchanganyiko, na kufikia mwaka 2006 dawa hiyo ikawa imeenea katika zahanati. Madaktari wa Kenya huiita AL, wengi huijua kwa jina la Coartem, na ndugu zetu wa Tanzania huiita dawa mseto. Ndiyo dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali mpaka leo, Bungoma, Kitale na hata Malindi.

Mseto huu ni wa dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Ya kwanza ni artemetha, itokanayo na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa tangu kale. Katika karne ya 4 tabibu Ge Hong aliandika kuwa mmea huo uloweshwe katika maji na kukamuliwa, wala hakutaja kuuchemsha. Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa Beijing aliyeingia katika utafutaji wa dawa ya malaria mwishoni mwa miaka ya 1960, aliyasoma maelezo hayo akatambua kuwa moto ndio uliokuwa ukiua nguvu ya mmea. Alipoutoa utomvu wake bila joto kali, dawa ikaonekana, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Funzo lake ni kuwa namna ya kuitumia dawa ni sehemu ya dawa yenyewe. Wazee wetu walilijua hilo, ndiyo sababu walichanganya habasoda na asali, na unga wa mizizi na samli. Walijua kuwa dawa yataka cha kuichukua.

Dawa ya pili katika mseto ni lumefantrini, nayo pia ilibuniwa na wataalamu wa China katika miaka ya 1970. Hii ndiyo yenye habari yetu ya leo. Artemetha ni kama kikosi cha kushambulia: huingia kwa kasi, huua vijidudu vingi mno, na baada ya saa chache imekwisha mwilini. Lumefantrini ni mlinzi wa zamu. Huenda polepole, hukaa damuni siku kadhaa, na kazi yake ni kuvimaliza vijidudu vilivyosalia, vile ambavyo vikiachwa huzaana upya na kumrudisha mgonjwa kitandani baada ya wiki mbili tatu. Homa ikishuka siku ya pili, ni kazi ya artemetha. Homa isiporudi mwezi ule, ni kazi ya lumefantrini.

Sasa mlinzi huyu ana tabia moja: hapatani na maji. Ni dawa ipendayo mafuta. Iweke katika maji haiyeyuki; iweke katika mafuta yayeyuka. Na tumbo la mgonjwa asiyekula limejaa nini isipokuwa maji? Kidonge kikifika humo hubaki kama mchanga ndani ya bilauri. Kiasi kidogo hupenya kwenye kuta za utumbo, na kilichobaki hutoka pamoja na uchafu. Lakini mtu akila chenye mafuta, mwili hutoa nyongo, nayo nyongo huyavunja mafuta yakawa matone madogo yasiyoonekana kwa macho. Lumefantrini huingia ndani ya matone hayo kama abiria waingiavyo mashuani, ikavushwa mpaka ng'ambo, ndani ya mwili. Wataalamu walipowapima watu wenye afya, walikuta kuwa aliyeimeza pamoja na chakula chenye mafuta mengi alipata lumefantrini damuni mara 16 zaidi ya aliyeimeza na njaa. Artemetha nayo iliongezeka mara 2. Vidonge ni vile vile, bei ni ile ile, lakini mmoja kapata dawa na mwingine kapata harufu yake.

Msomaji mwenye presha au kisukari, aliyekatazwa mafuta na daktari wake, asishtuke. Hatuambiwi tule pilau ya arusi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007, uliofanywa Thailand kwa watu wazima wenye afya, ulionyesha kuwa maziwa ya soya mililita 36 tu, yenye mafuta gramu 1.2, yalitosha kuifikisha dawa karibu na kikomo cha kunyonywa kwake. Gramu 1.2 ni kama robo ya kijiko cha chai cha mafuta. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe yasiyoondolewa mafuta kina zaidi ya mara nne ya kiasi hicho. Konzi ya njugu, kipande cha parachichi, vijiko vichache vya tui zito, au mchuzi uliotiwa mafuta, vyote vyatosha. Na mtoto anyonyaye ana maziwa ya mamake, ambayo Mwenyezi Mungu ameyatia mafuta tayari.

Na dawa ikishaingia damuni safari haijaisha, kwa kuwa damu nayo ni maji. Mafuta yote yasafiriyo katika damu, pamoja na ile kolesteroli tunayotishwa nayo kliniki, hayaelei ovyo. Mwili huyafungasha katika vifurushi vidogo vilivyovikwa protini, viitwavyo lipoproteini. Lumefantrini hujipakia humo, hasa katika vile vifurushi ambavyo madaktari huviita mafuta mema. Basi pana mafuta mawili katika habari hii: ya tumboni, ambayo ni chombo cha kuvukia, na ya damuni, ambayo ni gari la kuzungukia mwilini. Pasitokee mtu akadhani kuwa kolesteroli nyingi damuni yamwondolea haja ya kula anapomeza vidonge. Gari hata likiwa kubwa, halimsaidii abiria aliyeachwa ng'ambo.

Malaria yenyewe huvuruga vifurushi hivyo. Katika siku za homa mafuta mema hupungua, kolesteroli kwa jumla hushuka, na mafuta ya aina nyingine, yale ya trigliseridi, hupanda. Mgonjwa akipona, vyote hurudi mahali pake polepole. Hii ndiyo sababu wapimaji hawawezi kuchukua kipimo cha mtu mwenye afya wakakivika mgonjwa. Aidha mgonjwa wa siku ya kwanza hana hamu ya chakula, atapika, na utumbo wake wafanya kazi kwa unyonge. Akipata nafuu, dawa nayo huingia vizuri zaidi. Kwa hivyo siku ambayo maziwa yahitajika mno ndiyo siku mgonjwa ayakataapo mno. Hapo ndipo pa mtihani wa mwuguzaji.

Nao uuguzaji wetu una mila zake. Pwani, mwenye homa hunyimwa samli, nyama na nazi. Hupewa uji mwepesi, maji ya mchele, chai ya rangi yenye ndimu. Wazee walikuwa na hoja, maana tumbo la homa halibebi kizito, na chakula cha mafuta huweza kumtapisha mgonjwa. Katika zama za klorokwini mila hiyo haikumdhuru mtu, kwani klorokwini haikuhitaji mafuta. Bara nako hali ni hiyo hiyo: mgonjwa hupewa uji wa unga na maji, au strungi, huku ng'ombe yuko zizini na njugu ziko kwenye kibuyu. Waganda, Wabukusu, Wakalenjin wenye mursik yao, na sisi wa tui, sote tuna chombo cha dawa nyumbani, lakini wakati wa homa twakifungia kabatini.

Tumfikirie mama mmoja wa kijiji chochote kando ya mto Nzoia. Mwanawe wa miaka 3 ana homa, kapimwa zahanati, kaonekana na malaria, kapewa vidonge. Ampa cha kwanza kwa maji, mtoto alala. Cha pili chatakiwa baada ya saa 8, yaani katikati ya usiku; baba asema mwache apumzike. Kesho yake homa imeshuka, mtoto acheza, na vidonge viwili vya mwisho vyawekwa juu ya kabati kwa ajili ya homa ijayo. Katika nyumba hii hakuna mtu mbaya wala mjinga. Kila mmoja kafanya kwa huruma. Lakini mlinzi wa zamu hakupewa mashua, kisha nusu ya askari wake wakabakizwa kambini.

Ni haki kuutaja upande wa pili pia. Mwaka 2005 ulitangazwa utafiti wa Mbarara, Uganda, uliolinganisha wagonjwa waliomezeshwa dawa hii hospitali pamoja na chakula, na wengine waliopewa waende nayo nyumbani wakiwa wameelezwa namna ya kuitumia. Pande zote mbili walipona zaidi ya 97 katika 100. Kwa hivyo dawa hii ina uvumilivu, wala hatusemi kwamba kila aliyemeza kwa maji matupu ataangamia. Waliokulia katika malaria wana kinga inayosaidia dawa. Hatari yao wakiwa na dawa haba damuni ni kubwa zaidi kwa wasio na kinga hiyo, kama mtu wa Kitale na mgeni wa pwani. Tena watoto wadogo, hasa waliokonda kwa lishe duni, na wanawake wenye mimba, vipimo vimeonyesha kuwa aghalabu hupata lumefantrini chache kuliko wengine kwa dozi ile ile.

Kiasi kinachotafutwa si kikubwa. Chukua gramu moja uigawanye mafungu bilioni moja. Wataalamu wakijumlisha matokeo ya tafiti nyingi, walikuta kuwa mgonjwa ambaye siku ya 7 bado ana mafungu 200 ya namna hiyo katika kila mililita ya damu, karibu daima hupona kabisa. Aliye chini ya hapo ndiye aliye karibu na kurudiwa.

Na wakati tulio nao hauruhusu uzembe. Mwaka 2020 ilitangazwa kuwa Rwanda imepata vijidudu vilivyoanza kuistahimili artemisinini, ambayo ndiyo mama wa artemetha. Mwaka 2021 ikafuata habari kama hiyo kutoka kaskazini ya Uganda, na Uganda hapo Lwakhakha imetenganishwa na Bungoma kwa mto tu. Artemetha ikipunguza kasi, vijidudu vitakavyobaki ni vingi, na mzigo wote utamwangukia yule mlinzi wa zamu. Akiwa haba damuni, vijidudu vitajifunza kuishi naye, kama vilivyojifunza kuishi na klorokwini na Fansidar. Kila dozi iliyomezwa nusu, au kwa tumbo tupu, ni darasa kwa adui.

Hata hivyo kila dawa ina adabu yake. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na dawa ya malaria iitwayo halofantrini, nayo pia ni mpenda mafuta. Ilipomezwa pamoja na chakula cha mafuta iliingia kwa wingi kupita kiasi, na ikaonekana kuwa yavuruga mapigo ya moyo, hata watu wakafa. Ikabidi waambiwe waimeze na njaa, na hatimaye ikaachwa. Na leo iko dawa ya pili ya malaria nchini Kenya yenye piperakwini, ambayo mgonjwa hupewa pale AL isipofaulu. Hiyo nayo haitakiwi kuandamana na chakula cha mafuta mengi, kwa sababu hiyo hiyo ya moyo. Basi mtu asiseme, "nilisoma gazetini kuwa dawa ya malaria humezwa na maziwa", akaishia hapo. Na aulize: dawa hii niliyopewa ni ipi, na adabu yake ni ipi?

Kuuliza ni rahisi zahanati, lakini wengi wetu twanunua dukani. Katika Bungoma Mashariki na Kiminini, iliyo njiani baina ya Webuye na Kitale, watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi na cha Duke, Marekani, walifanya jaribio lililotangazwa mwaka 2018. Wahudumu wa afya wa vijijini waliwapima watu wenye homa bure, na aliyeonekana na malaria akapewa hati ya kununulia dawa dukani kwa bei nafuu. Waliopimwa wakaongezeka, na dawa ikawafikia zaidi wale waliokuwa na malaria kweli. Hili ni jambo jema, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Lakini mwenye duka naye angetakiwa, anapokata pakiti, aongeze neno moja: kunywa na maziwa.

Kwa sisi Waislamu kuna la Ramadhani. Wako ndugu wenye imani thabiti ambao, wakishikwa na malaria katika mwezi mtukufu, humeza dozi moja wakati wa futari na nyingine wakati wa daku, wakashinda na saumu. Kwa mujibu wa sheria mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake akipona, na ruhusa ya Mola si jambo la kuonewa haya. Dozi ya pili yatakiwa saa 8 baada ya ya kwanza, na mwenye homa ahitaji maji mchana kutwa. Tena katika mafunzo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, imepokewa habari ya talbina, uji wa shayiri ambao watu huupika kwa maziwa au asali, upewao mgonjwa na mwenye huzuni. Uji wa maziwa kwa mgonjwa si mgeni katika dini yetu. Ni sisi tuliousahau.

Basi mwenye kuuguza ashike haya. Apimwe kwanza mgonjwa. Akipewa AL, dozi ya kwanza papo hapo, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata. Dozi 6 kwa jumla, na kwa mtu mzima vidonge 4 kila dozi, jumla 24. Kila mara pawe na maziwa, au uji wa maziwa, au chochote chenye mafuta kidogo, japo vijiko vichache. Akitapika kabla ya saa moja kupita, dozi hiyo irudiwe. Asiyeweza kubakiza chochote tumboni, au anayepoteza fahamu, au mtoto anayeshtuka kwa degedege, huyo si wa vidonge tena, akimbizwe hospitali. Na homa ikishuka siku ya pili, vidonge vimaliziwe vyote. Juu ya kabati si mahali pa askari.

Kwa wenye kuhifadhi kwa ushairi kuliko kwa maelezo, nawaachia ubeti huu kuhusu vidonge vya AL, waubandike jikoni:

Usivimeze kwa maji, tupu bila ya maziwa,
Mafuta ni mbebaji, wa dawa uliyopewa,
Mgonjwa ni mhitaji, wa kulishwa na kupowa,
Jiko la auguzaye, ni nusu ya hiyo dawa.